Walioenda Bungoma

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: nimwambie Nafula au nisimwambie? Nafula ni mtoto wa marehemu dada yangu, Nekesa. Alikuwa na miaka sita, na kila mtu nyumbani kwetu Kibomet, karibu na Kitale, alikuwa amemwambia kwamba mama yake ameenda Bungoma. Nililigeuza swali hilo kila upande. Nikiamua kumwambia, nilijiona nikimvunja mtoto kwa mikono yangu. Nikiamua kunyamaza, nilimwona amekuwa mtu mzima kama mimi, analala macho wazi, anageuza maswali. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya ualimu ambayo haikuwa imenipatia kazi, kwa hiyo nafasi ya kufikiri nilikuwa nayo kubwa kuliko inavyomfaa mtu wa aina yangu.

Na kila nilipomfikiria Nafula, nilimfikiria Mwalimu. Maana uongo huo wa Bungoma haukuanza nyumbani kwetu. Ulikuwa wake.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikujua, na hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza. Mwanamke huyo alikuwa Mwalimu tu, hata kwa watu waliomzidi umri. Alifundisha chekechea ndani ya kanisa la udongo hapo Kibomet, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati familia zilikuwa zinakimbia fujo, zinateremka kutoka upande wa Endebess na mlimani, magodoro kichwani. Mimi na Nekesa tuliteremka na nyanya yetu. Mama hakuteremka nasi.

Asubuhi Mwalimu alisimama mlangoni. Hakutusalimu kama walimu wengine wanavyosalimu. Alikushika kidevu, akauinua uso wako kwenye mwangaza, akauliza, "Umerara wapi?" Ndivyo alivyotamka, kama wengi wa kwetu. Siku hizo swali hilo lilikuwa na majibu mengi. Mmoja alisema, "Nyumbani." Mwingine alisema, "Kwa jirani." Mwingine alisema, "Kwa mahindi," maana kuna watu walikuwa wanalala shambani wakiogopa kuchomewa ndani ya nyumba. Mwalimu hakusema pole, hakutikisa kichwa. Aliyelala kwenye mahindi alionyeshwa magunia nyuma ya madhabahu, akalala hapo mpaka saa ya uji, na ole wako ukimwamsha. Sisi wengine tulisoma herufi zetu kwa kunong'ona. Mpaka leo nikiona a, e, i, o, u ubaoni, nazisikia zikinong'onwa.

Mlango wa darasa haukufungwa hata mwezi wa Julai, wakati baridi ya Kitale inaingia mpaka kwenye mifupa. Kuna siku mgeni mmoja mwenye koti zuri alikuja kututazama, akahisi baridi, akausukuma mlango ukafungwa. Watoto walianza kuingia chini ya mabenchi bila kuambiwa, mmoja baada ya mwingine, kimya. Mgeni akacheka, akidhani ni mchezo. Mwalimu akaenda akaufungua.

"Mzee, hapa tunasoma na mlango wazi."

"Lakini Mwalimu, si watoto watapata homa?"

"Homa tunaijua dawa yake. Wewe kama unasikia baridi, jua riko nje, bana."

Shule nyingine ziligonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini kuwa kengele. Yetu Mwalimu aliiteremsha mwenyewe akampa fundi wa baiskeli, maana mlio wake ulituingiza chini ya mabenchi. Saa ya kwenda nyumbani alipita akigusa vichwa. Ukiguswa, unasimama.

Chuoni tulikuwa na somo la malezi ya watoto. Mhadhiri alieleza juu ya watoto walioumizwa wakiwa wadogo sana: mwili unaoendelea kuogopa hata hatari ikiisha, hasira isiyojua inatoka wapi, au ganzi ambayo watu wazima huiona wakaiita adabu. Akasema kinachowakinga si vitu vingi. Mtu mzima mmoja asiyeondoka. Siku zinazofanana. Mahali ambapo mtoto anaulizwa, na jibu lake linaaminiwa. Niliandika haraka, nikijisemea kwamba huyu anamzungumzia Mwalimu wangu. Kisha nikaacha kuandika, kwa sababu nilikumbuka yale mengine.

Hakuwa mpole. Alifinya, na alifinya pale juu ya mkono kwa ndani ambapo pana uchungu zaidi. Aliwafokea wazazi mbele ya watoto wao. Kwa kulia hakuwa na subira hata kidogo. "Kunywa uji kwanza," alikuwa anasema. "Uji unapoa. Kulia hakupoi." Tulikunywa uji huku kamasi zinatiririka. Lakini kulikuwa na mtoto mmoja, Simiyu, mkubwa wa mwili kuliko sisi sote, ambaye alipokuja hakuwa anaongea. Mwalimu alimbeba mgongoni kwa leso akiwa anaandika ubaoni, miguu ya Simiyu ikimgonga magotini. Sisi tulimcheka. "Mtoto ana ndevu na bado anabebwa!" Mwalimu akageuka na chaki mkononi. "Na wewe ukitaka kubebwa, kuja. Nyuma pamejaa, lakini mbele kuna nafasi."

Kitu alichochukia kuliko vyote ni uongo. Ukisema hukula chaki na midomo yako ni myeupe, alikujaza maji mdomoni, ukasimama mbele ya darasa bila kuyameza wala kuyatema mpaka wenzako wamalize kusoma ubao mzima. Tulisoma polepole makusudi ili mashavu yako yateseke. Mwisho ulitema nje mlangoni, na yeye akakuuliza, "Sasa mdomo umekuwa safi?" Hata leo nikitaka kudanganya, nayasikia yale maji.

Mtu huyo ndiye aliyetuambia wazazi wetu wameenda Bungoma.

Nimefikiri sana kwa nini alichagua Bungoma. Angeweza kusema mbinguni, kama mhubiri wa Jumapili. Lakini mbinguni hakuna mtu anayerudi akiwa na mfuko wa mkate. Bungoma ilikuwa mahali pa kweli. Familia nyingi zilikimbilia huko kwa jamaa zao. Mabasi yalipita barabarani kila siku, na mara nyingine kweli mama wa mtu alishuka, na mtoto akatoka darasani akikimbia. Uongo wake ulikuwa na magari. Ulikuwa na nauli na saa za kufika. Watu wazima wa Kibomet waliukubali wote bila kikao, ukawa desturi. Hata wachuuzi sokoni wakiulizwa na mtoto walijibu hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walidhani mtoto akikua, ukweli utamfikia wenyewe bila mtu kuusema, na uchungu utakuwa umeshapita.

Mimi nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi, na bado nilikuwa sijaambiwa. Shule yetu ilienda kuimba kwenye mashindano Bungoma mjini, na basi liliposimama nilishuka nikajitenga na wenzangu. Niliingia kwenye duka la vitambaa la singasinga mmoja mzee, kwa sababu nilifikiri mama lazima ananunua leso mahali.

"Unatafuta nini, kijana?"

"Mama yangu."

"Mama yako nani?"

"Mama Nekesa. Alikuja hapa kutoka Endebess."

"Lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa macho. Wanawake waliokuwa wanachagua vitambaa walicheka, mmoja akasema, "Ati Mama Nekesa! Kijana, hapa Bungoma ukiita Mama Nekesa soko lote litaitika." Kisha wakanitazama vizuri na kicheko kikaisha. Yule mzee alitoa biskuti chini ya meza akanipa, akatoka nje mwenyewe kumtafuta mwalimu wangu wa nyimbo. Nilielewa kwa sababu ya zile biskuti. Mtu asiyekujua hakupi biskuti hivi hivi.

Niliporudi nilimwambia Nekesa. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Mimi nilijua tangu zamani," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Mwalimu alisema tusikwambie. Na wewe ulikuwa unangoja vizuri sana."

Simiyu naye alikwenda Bungoma, ila hakurudi. Akiwa darasa la sita alipanda lori la mahindi, na watu wakasema amefuata mama yake. Miaka mingi baadaye, nikiwa safarini kwenda chuoni, nilimwona kwenye stendi ya Bungoma, chupa ya gundi ya kunusa imening'inia mdomoni. Nilimwita kwa jina. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo, akasema, "Niaje. Uko na kitu ya kula?" Nikampa nilichokuwa nacho, akaenda. Likizo ilipofika nilimweleza Mwalimu. Alikuwa ameacha kufundisha na macho yake yalianza kuwa na ukungu. Nilitaka aseme kitu kikubwa. Alisema tu, "Simiyu alipenda kubebwa," kisha akaomba maji ya kunywa.

Sijui kama Bungoma ndiyo iliyomharibu Simiyu. Huenda alikuwa ameharibika kabla hajafika mlangoni kwa Mwalimu, na ile leso ilimpa miaka michache tu. Huenda bila leso asingefika hata darasa la sita. Haya ndiyo mambo ninayoyageuza. Mimi niliulizwa nimelala wapi, na Simiyu aliulizwa. Sote tulinong'ona herufi. Yeye ana gundi, mimi nina shahada na tumbo linalouma mlango ukibamizwa. Sioni mizani ya kupimia.

Kisha uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 ukapita, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata nyumba zikaanza kuchomwa tena. Nekesa alikuwa ameolewa Endebess na mume wake alikuwa ameshamwacha. Siku moto ulipofika kwao alimpeleka Nafula akalale kwa jirani, kwa Mama Chebet, yeye akabaki kuchunga ng'ombe. Tulimzika haraka. Nafula hakuletwa mazishini. Mama Chebet ndiye aliyemleta Kibomet baadaye, amemfunika kwa shuka lake, na mlangoni Nyanya akampokea kwa yale maneno.

"Mama ameenda Bungoma. Atakuja."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikanyamaza kama kila mtu.

Nafula hakulia. Alikuwa mtoto mwenye mpango. Kila jioni aliomba sahani ya ziada, akatia ugali na mboga, akaifunika, akaiweka karibu na mlango. "Ya mama. Akifika usiku atakuwa na njaa." Alfajiri Nyanya, kwa huruma tu, aliwapa kuku kile chakula na kuirudisha sahani mahali pake. Mtoto alipoamka alikuta sahani tupu.

"Mama alikuja?"

"Alipita," Nyanya akasema. "Alikuwa na haraka. Ulikuwa umelala."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Nafula kukataa kulala. Kama mama anapita usiku, na yeye amelala, basi kosa ni la usingizi. Alikaa ameegemea mlango, akijifinya mapaja. Alianza kukonda. Akipitiwa na usingizi shuleni aliamka akipiga kelele na kuwapiga wenzake, na mwalimu wake akatuma neno kwamba mtoto ni mkorofi. Nilimwambia Nyanya aache mambo ya sahani. Akanijibu bila hasira, "Nikiacha, atajua mama yake hali chakula tena. Wewe unataka nimwambie hivyo?"

Nilifanya kile ambacho nadhani wahitimu wengi waoga wangefanya. Nilikwenda kumuuliza mwalimu wangu.

Alikuwa amehamia kwa binti yake karibu na Kibabii, upande wa Bungoma. Binti alinipokea nje ya ua, akanivuta kando kabla sijaingia.

"Ndugu yangu, tafadhali. Usimtajie kaka yetu. Aliuawa wakati ule ule wa fujo, upande wa Kitale. Mama alikuwa amelazwa na presha, tukazika bila yeye."

"Anajua nini?"

"Tumemwambia yuko Kitale. Amepata kazi ya shamba huko, hana ruhusa."

Niliingia. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi ingawa upepo ulikuwa unapeperusha pazia. Aliposikia sauti yangu alinyoosha mkono, akatafuta kidevu changu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga ambao yeye mwenyewe hakuwa anauona vizuri.

"Umerara wapi?"

"Kitale, Mwalimu. Sikulala."

"Ndiyo. Sura yako ni ya kwa mahindi." Akacheka kidogo. Kisha akamtuma binti yake akatafute maziwa ya chai, na nyayo zilipopotea akasema, "Umetoka Kitale. Umemwona kijana wangu?"

Nikaangalia pazia. Yeye ndiye aliyenisaidia.

"Ati ameenda Kitale," akasema. "Wananiambia mimi! Mimi ndiye niliwafundisha."

"Kwa hiyo unajua, Mwalimu?"

"Kujua, najua. Kuambiwa, sijaambiwa." Alikuwa anazungusha kikombe kitupu. "Unaona shida yangu? Nikilia wataniuliza, mama, unalia nini? Nitasema nini? Majirani hawaji kukaa na mimi kwa sababu hakuna kilio. Wimbo hakuna. Nakaa hapa na maiti peke yangu, halafu wananiuliza kama chai iko na sukari."

Nikamweleza habari za Nafula, sahani na mlango na kuku. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikijisahihisha. Mwishoni nikamuuliza nifanye nini. Nilikuwa na matumaini, nakiri, kwamba atasema kitu nitakachokibeba mpaka nyumbani.

"Sijui," akasema. "Niliwadanganya wengi. Wengine mko na shahada, wengine wako kwa stendi. Kama ningewaambia, pengine ingekuwa vile vile. Pengine ingekuwa mbaya zaidi. Mlikuwa wadogo, bana. Mlikuwa hamjui hata kufunga vifungo. Niliwaona mkiingia pale mlangoni, nikasema leo huyu anywe uji tu. Leo tu. Kesho nitamwambia." Akaweka kikombe chini. "Kesho mkaja tena na nyuso zile zile."

Kisha akasema, "Wewe niambie."

"Nikwambie nini?"

"Si unajua? Niambie vizuri. Kwa maneno yake."

Nilifikiria binti yake, nilifikiria presha, nilifikiria kila kitu ambacho mtu anaweza kufikiri. Kisha nikasema, "Mwalimu, kijana wako amekufa. Walimuua wakati wa fujo, na amezikwa."

Hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono na kuanza kulia kama mtu anayeshusha mzigo gunia moja moja, na nilikaa hapo. Binti yake alirudi, maziwa mkononi, akaona, akaelewa.

"Umefanya nini? Nilikuambia nini mimi?" akanifokea. "Akifa leo, utamzika wewe?"

"Mwache," Mwalimu akasema. "Na wewe kuja ukae."

Sikunywa chai. Sikujua kama nimefanya wema au ukatili, na bado sijui. Nilipotoka, jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye ua akiuliza kuna nini, na mwingine alikuwa anakuja nyuma yake. Sikumwona Mwalimu tena baada ya siku hiyo.

Nyumbani nilimkuta Nafula kwenye kizingiti, macho mekundu, anajifinya. Ilikuwa mchana na jua lilikuwa linawaka. Niliufungua mlango wote mpaka ukagusa ukuta, nikakaa chini kando yake. Nilikuwa nimeandaa sentensi nyingi njiani na zote zikanikimbia. Nikamshika kidevu.

"Ulilala wapi, siku ile ya moto?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Kwa Mama Chebet. Chini ya kitanda. Mama alisema nisitoke mpaka aniite."

"Alikuita?"

"Hapana."

"Nafula, mama amekufa. Hawezi kuita, na hakuenda Bungoma. Alikufa siku ile, na sisi tulimzika."

Ndani ya nyumba nilimsikia Nyanya akiangusha kitu. Nafula aliangalia barabara. Basi lilipita, akalifuata kwa macho mpaka likapotea kwenye kona.

"Anko, na ile ugali nani alikuwa anakula?"

"Kuku."

"Yote?"

"Yote."

Alifikiri juu ya hilo. Kisha uso wake ukakunjamana na sauti ikatoka ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na niliogopa, nikataka kuyarudisha maneno mdomoni. Nilimshika tu. Alinipiga kifuani, akaniuma mkono, akalia mpaka akatapika, akalia tena. Nyanya alisimama nyuma yetu akasema kwamba nimemmaliza mtoto, kisha akaingia ndani na hakuzungumza nami siku nzima. Hatimaye Nafula alilala pale pale kwenye kizingiti, katikati ya mlango wazi, kichwa kwenye paja langu. Sikusogea. Mguu ulikufa ganzi na nikauacha.

Jioni nilipakua mimi. Sahani tatu: ya Nyanya, ya Nafula, yangu.